Uzoefu wangu na buti la Red Wing Iron Ranger 8111

Bei yake ni zaidi ya dola 300, na kwangu inastahili kwa sababu moja kubwa: buti hili linafunguka. Soli ikilika, fundi anaitoa na kushona nyingine bila kugusa ngozi ya juu.

Lilaze ubavu utaona ukanda wa ngozi unaozunguka juu ya soli. Huo ndio welti, roho ya mshono wa Goodyear. Uzi wa kwanza, uliojificha ndani, unashika pamoja welti, ngozi ya juu na ngozi ya kukanyagia, ile ya ndani chini ya wayo. Uzi wa pili, ule unaoonekana kwa juu, unashika welti na soli. Kubadilisha soli ni kukata huo wa pili tu. Katikati kumejazwa punje za magome yaleyale ya vizibo vya chupa, na chini ya upinde wa mguu kuna ubapa wa chuma.

Kampuni ilianzishwa mwaka 1905 na Charles Beckman, muuza viatu wa mji wa Red Wing, Minnesota, kando ya Mto Mississippi. Ngozi inatoka S.B. Foot, kiwanda cha mjini humohumo kilichoanza 1872, ambacho sasa ni mali ya Red Wing. Imeshiba mafuta kwelikweli: ikikunja inapauka pale kwenye kunjo, ukiisugua kwa kidole rangi inarudi. Mishono ya pembeni inapita mistari mitatu, kazi ya mashine za Puritan. Jina linatokana na wachimbaji wa chuma wa Iron Range, eneo la migodi huko Minnesota, na ngozi ya pili iliyofunika vidole ni kumbukumbu yao. Hakuna chuma pale mbele, kwa hiyo usilivae mahali panapotakiwa buti la usalama.

Saizi ndiyo inayowaponza wengi. Pima mguu kwa kipimo cha dukani, kisha shuka nusu saizi. Ukilinganisha na raba zako, mara nyingi utashuka saizi nzima. Kiungo cha dole gumba kikae pale buti lilipo pana zaidi. Upana wa kawaida ni D. Mguu mpana uchukue EE badala ya kuongeza urefu. Likiwa jipya libane kidogo ubavuni lakini lisiguse ncha za vidole, maana ngozi hutanuka kwa upana, haiongezeki urefu. Zile punje nazo zinashindiliwa na uzito wako, nafasi inaongezeka. Anayenunua lililolegea atajikuta anaogelea ndani.

Wiki mbili tatu za mwanzo ni ngumu. Vaa soksi nene, saa chache kwa siku. Kisigino kuinuka kidogo ni kawaida kwa kuwa soli bado haijajua kukunjika. Kikiinuka hadi kuchubua ngozi, saizi ni kubwa.

Matunzo ni mepesi. Brashi kila mara. Mafuta ya ngozi kidogo ikianza kukauka, ukijua kwamba rangi ya kaharabu itazidi kuiva na hairudi tena. Likilowa, lijaze karatasi na ulikaushe kivulini. Jua kali na moto huikakamaza ngozi hadi ipasuke.

Soli ya sasa ni Vibram 430, yenye meno mafupi yasiyobeba tope. Zile za zamani, laini chini, zinateleza kwenye sakafu iliyolowa.

Kagua kisigino kwanza, ndicho huanza kulika. Soli nayo ibadilishwe kabla tundu halijafika kwenye welti. Welti ikiliwa kazi inakuwa mara mbili na gharama inapanda. Kiwanda chenyewe hupokea matengenezo. Ukimpelekea fundi wa mtaani, hakikisha ana msharasi na uzi mnene uliotiwa nta, na umwambie apite kwenye matundu ya zamani ya welti. Akitaka kupigilia soli kwa misumari badala ya kushona, mzuie: inatoboa ngozi ya kukanyagia na kuiharibu.