Mikopo ya mtaani Mwanza: upi ulipwe kwanza hela ikibana

Tumezipima huduma tatu za mikopo zinazotumika sana kuanzia Igoma hadi Kirumba. Kigezo chetu ni kimoja: ukichelewa, unapoteza nini na baada ya siku ngapi? Anayepiga simu kila asubuhi si lazima awe ndiye wa kulipwa kwanza.

Kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wa rejesho la kila siku. Chukua mfano wa shilingi 200,000. Fomu inakula 10,000, unapokea 190,000, kisha rejesho ni 8,000 kila siku kwa siku 30, jumla 240,000. Unaambiwa riba ni asilimia 20. Lakini deni linashuka kila siku huku riba ikibaki palepale, hivyo kwa wastani unakaa na nusu tu ya hela. Ukijumlisha fomu, gharama halisi inafika karibu asilimia 50 kwa mwezi. Ukomo wa Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Dai kuona leseni, dai risiti ya kila rejesho, na usimwachie mtu kadi ya benki na namba ya siri.

Kwa familia za mwaloni, zinazoishi kwa kazi ya dagaa, ubaya wake ni mkubwa zaidi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi hupumzika, na muanikaji, mbebaji na mama ntilie wote hukosa. Mkopo wa siku 30 lazima uipitie mbalamwezi. Wiki moja bila kazi ni 56,000 za marejesho, kwa hiyo weka 2,500 pembeni kila siku ya kazi, au usiuchukue kabisa.

Ulipwe lini? Kama dhamana ni cherehani au pikipiki inayoleta ugali, uwe wa kwanza baada ya kodi ya nyumba. Kama ni televisheni, kodi, maji na chakula vitangulie, huku ukiomba faini isimamishwe na makubaliano yaandikwe.

Mkopo wa simu wa kukamilisha muamala salio likipungua. Ni mzuri kwa dharura ya siku moja. Tabu yake ni kwamba unajilipa wenyewe: hela yoyote ikiingia inakatwa, hata kama ni ada ya mtoto, na ada ya mkopo huongezeka kila siku. Ni deni dogo linalokua haraka, lifute mapema. Kabla hujalimaliza, hela yenye kazi maalumu isipitie laini hiyo.

Kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana. Hapa ndipo tunapopapenda, kwa sababu riba unayolipa inaingia kwenye mfuko, na sehemu yake hurudi kwako siku ya mgao. Hisa zako hubeba sehemu ya deni, lakini wadhamini wako ni majirani, na ukinyamaza wao ndio watakaodaiwa. Nenda kwenye kikao kabla ya tarehe, lipa hata robo, omba muda, na hakikisha mwandishi ameandika.

Bili ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, isilimbikizwe: ukikatiwa maji unalipa deni pamoja na gharama ya kurudishiwa, na wakati huo unanunua ndoo. Daftari la dukani halina riba, ila punguza kidogo kila wiki ili mwenye duka aendelee kukuandikia unga.