Heda Mpya Kwenye 22R ya Zamani: Pima Flenji Kwanza

Tik-tik-tik-tik. Mmeisikia? Hiyo ni Hilux yangu, injini ikiwa baridi. Najua kuna watu wameshaanza kuniandikia hapo chini, "fundi, rekebisha tapeti." Tapeti, yaani nafasi za valvu, nimezipima, ziko sawa. Huo ni moshi unatoroka kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na heda, yaani mabomba yanayotoa moshi kwenye injini. Subiri injini ipate moto uone, mlio unapungua, kwa sababu chuma kinatanuka na kuziba ule upenyo kidogo. Ikipoa, tik-tik inarudi. Miezi minane nimeendesha gari hili na kelele hiyo, na leo nimechoka nayo kabisa.

Karibuni tena jamani. Leo ni heda ya 22R, injini ya Hilux yangu, ile ya kabureta. Mnaijua, lita 2.4, silinda nne, sina haja ya kuwasomea kitabu. Heda ya zamani nimeshaifungua, hii hapa. Mpya ndiyo hii bado ina mafuta ya kiwandani. Kwa macho zinafanana kama mapacha, sivyo?

Sasa njooni karibu. Kamera, shuka hapa mezani. Hiki ni kioo kinene, nakitumia kwa sababu kimenyooka kuliko meza yangu. Nalaza ile ya zamani, flenji, yaani bamba linalobana kwenye hedi, ikiwa chini. Naibonyeza upande huu... mmeona? Inabembea. Nachukua fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, naanza na cha milimita 0.25, inapita bila kugusa. Naweka 0.5, inapita. Hii ni 0.8, na tazameni, kati ya tundu la pili na la tatu inaingia mpaka katikati! Karibu milimita nzima ya hewa, halafu mtu anategemea gasketi, ule utando wa kuziba katikati, ndiyo iiokoe. Mimi nilibadilisha gasketi tatu. Tatu! Kila moja ilikaa wiki chache, ikaungua palepale. Ona masizi haya meusi yalivyojichora kama mkia, yanakuonyesha njia ya moshi yenyewe.

Chanzo chake ni uchomeleaji. Flenji hii ina unene wa milimita 6 hivi. Ukichomelea mabomba manne juu ya chuma chembamba namna hiyo, joto linakivuta na kinajikunja kama ndizi. Mtengenezaji makini anafunga flenji kwenye bamba nene kwanza, anachomelea, anaiacha ipoe ikiwa bado imefungwa, halafu anausawazisha uso kwa mashine. Niliponunua hii sikuuliza. Muuzaji alinichezea video ya mlio mtamu, nikalipa. Nilipomrudia akasema nimekaza vibaya. Basi.

Sasa mpya. Kioo kilekile. Nabonyeza huku, nabonyeza kule... kimya. 0.25 haiingii. Naijaribu hapa, hapa, na hapa pembeni. Haiingii popote. Aisee, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta! Unene ni milimita 10, na hii mistari myembamba usoni ni alama ya mashine iliyousawazisha. Tena ingiza kidole kwenye tundu, hivi. Ndani ni laini, mshono umesagwa. Kwenye ile ya zamani kidole kinakwama kwenye donge la weldi, na moshi nao unakwama hapohapo.

Kuna walioniuliza wiki iliyopita kwa nini sikuchukua ile ya mabomba manne yanayoungana yote mahali pamoja. Ile inafaa gari linalokaa mizunguko ya juu muda wote. Pikapu inabeba mzigo, inapanda mlima, inataka nguvu ikiwa chini. Hii mabomba manne yanakuwa mawili, kisha moja. Silinda za 22R zinachoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2, kwa hiyo silinda ya 1 inaungana na ya 4, ya 2 na ya 3, ili zinazoungana zisitoe moshi zikifuatana. Moshi wa mmoja ukishatoka kwa kasi, unaacha mvuto nyuma yake unaomsaidia mwenzake kupumua. Msitegemee nguvu za farasi hamsini zaidi, atakayewaahidi hivyo anataka pesa zenu. Utakachokipata ni gari jepesi kidogo mguuni kwenye gia ya tatu.

Kabla sijasahau, video ya kabureta inakuja Alhamisi. Inahusiana na hii, maana injini ikianza kupumua vizuri inaweza kukosa mafuta kidogo, na huenda jeti, kile kitundu kinachopitisha mafuta, ikahitaji kubadilishwa. Bonyezeni kengele, sitarudia maelezo haya.

Haya, kufunga. Stadi, zile bolti zilizosimama kwenye hedi, nilizilowesha mafuta ya kulegeza kutu tangu jana usiku, hakuna iliyokatika. Uso wa hedi nimeukwangua gasketi yote ya zamani. Gasketi mpya inaingia kavu, bila silikoni. Nati zote kwa mkono kwanza, halafu naanza kukaza katikati naelekea pembeni.

Na hapa ndipo nakasirika. Tazameni nati hii ya nyuma. Bomba limeinama juu yake. Soketi haiingii. Spana ya kawaida inaingia, inazunguka kidogo, inagonga bomba. Naitoa, naigeuza, naingiza tena. Kidogo. Naitoa. Hesabuni nami... kumi na nne, kumi na tano... dakika ishirini zimekwenda kwa nati moja! Mtu aliyechora bomba hili hakuwahi kushika spana mwenyewe. Angelisogeza upana wa kidole tu. Nilikuwa nimesema naipa kumi kwa kumi kwa ajili ya flenji, sasa naiondolea mbili, na nikiumia kidole nitaondoa ya tatu.

Bei? Ni kubwa kuliko ile ya kwanza, sikatai. Lakini jumlisheni gasketi tatu na siku tatu za kufungua na kufunga, mtaona ile ya rahisi ilinigharimu nini. Na kama manifodi yako ya chuma cha kumimina, ile iliyokuja na gari, haina ufa na gari linakubebea mzigo bila shida, iache. Ile ni kimya na inadumu. Ninaowaambia wanunue ni wale ambao yao imeshapasuka.

Kitambaa cha kuzungushia joto sitaweka. Hili ni bomba la chuma cha kawaida, na kitambaa kinashika unyevu, bomba linaoza chini yake bila wewe kuona. Waya za plagi nimezifunga mbali, na bomba la breki lina nafasi ya vidole viwili.

Tuwashe. Injini imelala usiku kucha, baridi kabisa, ndipo ile tik-tik ilipokuwa kali zaidi. Nyamazeni kidogo...

Sikilizeni. Hakuna. Nasogeza maikrofoni kwenye tundu la pili... hakuna! Nanyunyiza maji ya sabuni haraka kabla chuma hakijapata moto, hakuna povu hata moja. Miezi minane, jamani!

Naiacha ipate moto, kisha ipoe mpaka niweze kuishika kwa mkono mtupu, halafu nazikaza nati zote tena. Na ile ya nyuma pia.