Lyceum ya London: ukae wapi, na jumba lenyewe limetoka wapi

Anayekata tiketi ya The Lion King, mchezo wa muziki uliotokana na filamu ya Disney kuhusu mwanasimba aitwaye Simba, katika ukumbi wa Lyceum, mtaa wa Wellington, aangalie kwanza kiti kiko wapi, bei baadaye. Onyesho hili liliingia humo mwaka 1999 na halijahama. Lilisimama tu wakati wa korona, kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2021. Sehemu yake kubwa ni ya jukwaani kama maonyesho mengine, lakini dakika za mwanzo wanyama hupita katikati ya watazamaji. Ukikosea kiti utasikia wenzako wakishangilia kitu ambacho wewe hukioni.

Ukumbi una viti kama 2,100 katika ngazi tatu: Stalls chini, Royal Circle juu yake, Grand Circle juu kabisa. Kwenye Stalls, viti vya pembeni mwa njia ndivyo vinavyogombewa, kwa sababu ndiko anakopita tembo. Kwa vipimo vya onyesho la awali la New York, tembo huyo ana urefu wa futi 13 na upana wa futi 9, na hubebwa na watu wanne, kila mmoja akiwa ndani ya mguu. Mwili wake umeundwa ukunjike hadi inchi 34, sawa na sentimeta 86 hivi, ndipo apenye kati ya viti. Aliyekaa ukingoni anaweza kuona miguu ya binadamu ikipiga hatua ndani ya miguu ya mnyama, wala hakuna anayejaribu kuificha. Julie Taymor, aliyeongoza onyesho na kubuni vinyago pamoja na Michael Curry, alitaka mtazamaji amwone mnyama na mtu kwa pamoja.

Tatizo ni safu za nyuma za Stalls. Royal Circle imetokeza mbele sana, na ukikaa chini yake, dari hiyo hukata sehemu ya juu ya jukwaa. Jua la vipande vya hariri likipanda, unaona nusu. Vichwa vya twiga, ambao wachezaji wake hutembea kwa mironjo miguuni na mikononi, navyo hukatika. Ndege wanaorushwa kwenye fimbo ndefu ndio kabisa. Kiti cha nyuma kule hakifai bei yake, hata kikiwa katikati.

Safu tatu au nne za mbele za Royal Circle ndizo bora kwa mtu mzima, na hilo linathibitika kwenye mbio za nyumbu. Mbali nyuma kuna silinda zinazozunguka zikiwa na nyumbu wadogo, mbele yake wengine wakubwa kidogo, kisha wachezaji wenye vinyago vikubwa zaidi, mpaka kundi zima linaonekana kushuka bondeni kumfuata Simba akiwa bado mtoto. Jicho hudanganywa na ukubwa unaopanda hatua kwa hatua, na ujanja huo husomeka vizuri zaidi kwa anayetazama kutoka juu kidogo. Hali ni hiyohiyo kwenye ukame: dimbwi la maji ni kitambaa cha buluu kilichotandazwa sakafuni, kinavutwa kupitia tundu dogo katikati, polepole, mpaka kinakwisha. Ukiwa safu ya kwanza ya Stalls, kinakupita bila kukigundua.

Grand Circle ni ya mwenye bajeti. Ngazi za kupanda ni nyingi, mteremko ni mkali, na anayeogopa urefu asijaribu. Mipangilio ya wachezaji ngoma inaonekana vizuri, ila tembo akiwa chini hutamwona, na nyuso za wachezaji huwa mbali. Mkiwa na mtoto wa miaka sita au saba, ni afadhali viti viwili vya ukingoni katikati ya Stalls kuliko vinne vya juu kule. Chini ya miaka mitatu haruhusiwi kuingia.

Dari hiyo inayokata jua ina historia. Nguzo sita kubwa za mbele, zile zinazopigwa picha na kila mtu, ni za mwaka 1834, kazi ya msanifu majengo Samuel Beazley baada ya jengo la awali kuungua mwaka 1830. Karibu kila kitu nyuma yake ni cha 1904. Mwaka 1902 ukumbi ulifungwa kwa kushindwa masharti mapya ya usalama wa moto, msanifu mwingine, Bertie Crewe, akaujenga upya, akibakiza uso wa Beazley. Kwa hiyo mtu huingia kwa mlango wa jumba moja akaketi katika jumba jingine. Crewe alijengea hadhira kubwa ya michezo mchanganyiko, watu wa kila namna kwa usiku mmoja, na roshani pana zilizotokeza mbele zilimpa viti vingi. Wachezaji wa sarakasi na waimbaji wa wakati ule walisimama chini, mbele ya jukwaa. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja twiga angehitaji kuonekana.

Kabla ya Crewe, jina la Lyceum lilikuwa la mwigizaji Henry Irving. Alianza kuuendesha mwaka 1878, akamchukua Ellen Terry kama mwigizaji mkuu wa kike, na Bram Stoker, baadaye mtunzi wa Dracula, kama meneja wa biashara. Irving alipunguza mwanga upande wa watazamaji ili macho yote yaende jukwaani, jambo ambalo leo tunaliona la kawaida. Taa za umeme za jukwaani zilipowekwa, Terry aliona zilivyoharibu nyuso za waigizaji, akamsihi arudishe gesi, naye akairudisha. Mwaka 1895 Irving akawa mwigizaji wa kwanza Uingereza kupewa cheo cha Sir.

Mwaka 1939 jumba lilikuwa limeshahukumiwa kuvunjwa ili barabara ipanuliwe. Mwigizaji John Gielgud akacheza Hamlet ya kuliaga. Mpango wa barabara ukafa, na mwaka 1945 Lyceum ikageuka ukumbi wa densi, sakafu ikasawazishwa. Miss World ilifanyika humo kuanzia 1951 mpaka mwisho wa miaka ya 1960. Tarehe 17 na 18 Julai 1975 Bob Marley and the Wailers walipiga humo, na rekodi ya maonyesho hayo ndiyo iliyoupa ulimwengu toleo la No Woman, No Cry ambalo watu wengi wanalijua. Wanaopita kwenye kumbi za London wakisoma vibao vya Shakespeare mara nyingi huliruka hili, na halistahili kurukwa.

Ulifungwa mwaka 1986, ukakaa mtupu miaka kumi. Ulipofunguliwa tena mwaka 1996 ulikuwa umerudishwa kuwa ukumbi wa michezo ya muziki: kwanza Jesus Christ Superstar, kisha mapema mwaka 1999 Oklahoma! kutoka National Theatre, Hugh Jackman akiwa Curly, mhusika mkuu. Miezi michache baadaye simba wakaingia.

Kuhusu muziki, msikilizaji wa Kiswahili apunguze matarajio ya lugha. Mwito wa kwanza kabisa ni Kizulu, na kwaya alizozitunga Lebo M wa Afrika Kusini zimesheheni lugha za kusini. Ndizo bora kuliko nyimbo nyingi za Elton John na Tim Rice zilizotoka kwenye filamu, hasa zinapopigwa pamoja na ngoma za wapigaji wawili walio kwenye vyumba vya pembeni, kushoto na kulia kwa jukwaa. Watafute kwa macho. Wengi huondoka bila kujua walikuwepo.

Kiswahili kimo zaidi kwenye majina. Rafiki hana haja ya maelezo. Shenzi ni tusi letu la kila siku. Sarabi ni mazigazi, na ni jina zuri kwa malkia. Pumbaa ni kitenzi, kuduwaa, ila Waingereza wanatamka “Pumba”, yaani maganda ya nafaka anayolishwa nguruwe. Kwa ngiri, si kosa kubwa. Na “hakuna matata” ukiitamka Dar es Salaam, watu watajua umeshuka kwenye ndege juzi.

Nusu ya pili ina dakika ishirini hivi zinazolegea, Simba akiwa mkubwa lakini bado hajaamua kurudi kwao. Jumla ni kama saa mbili na nusu pamoja na mapumziko.

Ratiba ya kawaida ni Jumanne hadi Jumamosi saa 1:30 usiku kwa saa zetu, na Jumatano, Jumamosi na Jumapili saa 8:30 mchana. Tiketi itaandikwa 7:30 na 2:30. Mwenye mazoea ya saa za nyumbani asome mara mbili, na aangalie tarehe za sikukuu kwa sababu hubadilika. Kuchelewa ni hasara ya aina yake hapa: tembo akiwa njiani hupati nafasi ya kupita, na kilichokuleta ni yeye.

Kituo cha karibu ni Covent Garden, lakini kina lifti zenye foleni na ngazi 193. Ukiwa na watoto au wazee, shuka Holborn au Charing Cross utembee; dakika chache zaidi, magoti salama. Wakati wa kurudi fanya vivyo hivyo, maana zaidi ya watu elfu mbili hutoka kwa pamoja, na nusu yao huelekea lifti zilezile.