TAHADHARI kwa mnaokodi gari pwani ya Kroatia: hiyo "hela ya kuvuka Bosnia" ulizeni kwanza kabla hamjatoa kadi

Jamani msimu wa joto wa Ulaya ndo huu na najua kuna watu wanapanga ile safari ya wawili, mnachukua gari mji wa Split mnashuka nayo mdogo mdogo na bahari mpaka Dubrovnik. Safari yenyewe sina neno nayo kabisa, ile barabara ya D8 kutoka Omiš kwenda Makarska mlima Biokovo umekusimamia upande mmoja, bahari upande wa pili, mume wangu alikuwa anaendesha kama anabeba mayai na foleni nyuma yetu inapiga honi, hana habari. Tatizo ni waliotukodisha gari. Jina siweki maana ishu bado iko benki, na michezo yenyewe haichezwi na kampuni moja tu.

Mchezo wa kwanza unaanzia kaunta. Dada wa watu mpole, anatabasamu, anauliza mnaelekea wapi, ukisema tu Dubrovnik anavuta karatasi nyingine anakwambia basi mnapita Bosnia, gari haliruhusiwi kutoka nje ya nchi bila kibali chetu na bima ya ziada, ni euro 70. Na anaongea kwa uhakika yani, anakuchorea na ramani. Sasa sikilizeni vizuri. Ni kweli Bosnia ina kipande chake cha pwani pale Neum kinachoikata Kroatia vipande viwili, na zamani ukienda Dubrovnik kwa barabara ilikuwa lazima upite pale, unakaguliwa mpakani kuingia na kutoka. Lakini Julai 2022 lilifunguliwa daraja la Pelješac, zaidi ya kilomita mbili, linaruka bahari kutoka bara hadi rasi ya Pelješac, unabaki ndani ya Kroatia mwanzo mwisho na hulipi hata senti kupita. Mume wangu akamwambia sisi tunapita darajani. Dada akanyamaza kidogo, akarudisha karatasi yake kwenye droo, wala hakubisha! Kwa maana hiyo alikuwa anajua vizuri kabisa.

Angalizo hapo hapo: kama kweli mnataka kupita Neum au kwenda kuona mji wa Mostar kule Bosnia, hicho kibali mnakihitaji, msivuke bila hicho maana mkipata ajali upande wa pili bima inaweza kuwakana. Na wenye pasi zetu hizi, Kroatia iko Schengen (zile nchi za Ulaya zenye viza moja) tangu Januari 2023 na Bosnia haimo, sa ukivuka pale umeshatoka Schengen, mwenye viza ya kuingia mara moja anajua presha yake. Kingine ramani ya simu inaweza kuwapitisha Neum kwa sababu imeona ni fupi, kwa hiyo angalieni njia kabla hamjaondoka, muone imepita Komarna kwenye daraja.

Mchezo wa pili ni bima. Sisi tulikuwa tumeshanunua bima ya pembeni mtandaoni, ile inayokurudishia hela wakikukata kwa uharibifu. Wakasema "hiyo huku haitambuliki". Ni ujanja wa maneno tu, haitambuliki na wao kwa sababu hawahusiki nayo, wao wakikukata wewe unaenda kudai kule ulikonunua. Ila mjue ukikataa ya kwao wanazuia kiasi kikubwa kwenye kadi, kwetu ilikuwa euro 1,200, kwa hiyo muwe na kredit kadi yenye nafasi na iwe kwa jina la dereva. Na mashine ikiuliza ulipe kwa euro au kwa hela ya kadi yako, bonyeza euro, hiyo nyingine rate yake ni ya kukukamua.

Sasa kasheshe ilikuwa kurudisha gari. Tumefika, gari safi, tenki limejaa, jamaa kaja na simu yake kawasha tochi, hakuangalia milango wala bampa, kaenda moja kwa moja kwenye rimu ya nyuma kushoto kama mtu anayejua alichoacha. Mkwaruzo! Euro 480. Mume wangu kainama kauangalia, mkwaruzo umefubaa, vumbi jeusi la breki limeshaingia mpaka ndani, kapitisha kidole hakitoki kitu. Rimu iliyokwaruzwa juzi inang'aa jamani, kila mtu aliyewahi kugusa ukingo wa barabara anajua. Tukamwonyesha video tuliyopiga siku ya kuchukua gari, rimu zote nne, na mkwaruzo ule ule upo. Akasema video siyo fomu yao, fomu haina huo mkwaruzo. Tukakataa kusaini. Hela wakakata hivo hivo usiku wake, kimya, hata risiti hawakutuma.

Kwa hiyo mkichukua gari pigeni video ndefu moja bila kukata, ianze na namba ya gari, rimu zote, chini ya bampa, kioo cha mbele, paa, mwisho dashibodi ionyeshe mafuta na kilomita. Halafu, na hili ndo la muhimu zaidi, kila mkwaruzo uandikwe kwenye fomu kabla hamjawasha gari, hata kama mhudumu anasema "aah huo mdogo hatuhesabu". Mwambieni auhesabu. Na hiyo video itumeni kwao kwa imeili siku ile ile ili iwe na tarehe. Msirudishe gari usiku ofisi ikiwa imefungwa mkatumbukiza ufunguo kwenye kiboksi, hapo mnawaachia gari waandike wanavyotaka.

Kama wameshawakata, msibishane nao kwa simu, andikeni imeili muombe picha zenye tarehe na ankara ya fundi, halafu pelekeni pingamizi benki iliyotoa kadi mapema maana kuna muda wake. Mnaoishi nchi za Umoja wa Ulaya kuna vituo vya walaji vya Ulaya, kila nchi ina chake, wanasaidia bure mkiwa na ugomvi na kampuni ya nchi nyingine ya Umoja. Sisi benki wameshapokea video, na kampuni mpaka leo ankara ya fundi hawajaitoa.