Kabla ya kununua bunduki mpya ya bolti, ijaribu risasi ya pili

Miaka mitatu iliyopita niliidhinisha ununuzi wa bunduki mpya ya bolti (kipande cha chuma kinachovutwa na kusukumwa kwa mkono ili kuingiza risasi), yenye kaliba, yaani kipimo cha risasi, .375 H&H, kwa ajili ya kambi ya uwindaji wa kitalii ninayosimamia vifaa vyake katika ukanda wa Rungwa, Tanzania, na hadi leo nauma kidole kwa sababu dosari yake ningeweza kuigundua dukani kwa dakika mbili tu. Muuzaji aliijaza risasi za pua laini, zinazopanuka zikimgonga mnyama, akaivuta na kuisukuma bolti mara nne, kila kitu kikateleza bila kwikwi, nami nikaridhika. Mwezi Agosti, hatua 40 kutoka kwa nyati dume, mwindaji bingwa wetu alifyatua risasi ya kwanza, akairudisha bolti na kuisukuma tena, na ile ya pili, ambayo ilikuwa risasi ngumu, isiyopanuka na inayopenya zaidi, yenye pua bapa, ikagonga ukingo wa chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, na kukwama hapo. Nyati aliangushwa na bunduki ya mwenzake, hakuna aliyeumia, lakini kimya kilichofuata ndani ya gari wakati wa kurudi kambini sijakisahau.

Ndiyo maana katika mwongozo huu sitazungumzia ulengaji. Kila muuzaji ana karatasi yake yenye matundu matatu yaliyokaribiana, na karibu kila bunduki ya kiwandani ya siku hizi ina ulengaji wa kutosha kwa nyati anayepigwa ndani ya mita 100 katika miombo. Uzuri wa mbao za kitako ni suala la mapenzi ya mtu. Ninachokiangalia mimi ni jinsi risasi inavyotoka kwenye magazini, kile kisanduku cha akiba ya risasi chini ya bolti, kuingia chemba, na jinsi ganda linavyotoka, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi hawatazami kabisa.

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni ile aliyoikamilisha Paul Mauser mwaka 1898: ukucha mrefu wa chuma ulioko ubavuni mwa bolti huikamata risasi mara tu inapochomoka magazini, hauiachi hadi ganda litupwe nje. Ya pili ni ya kusukuma tu: bolti huisukuma risasi mbele ikiwa haijashikwa na kitu, na ukucha mdogo ulio kwenye uso wa bolti huidaka mwishoni, bolti inapofungwa. Tofauti haionekani kwa mtu mtulivu. Huonekana pale anayetetemeka anaposukuma bolti nusu, akasita, akairudisha nyuma, akasukuma tena. Kwenye bunduki yenye ukucha mrefu risasi ya kwanza hurudi na kutupwa nje, ilhali kwenye ile ya kusukuma risasi hubaki mdomoni mwa chemba, na ya pili huja kuigonga kwa nyuma. Nakiri wapo wawindaji waliozeeka na Remington 700, ambayo ni ya kusukuma na iko sokoni tangu mwaka 1962, bila kupatwa na mkasa huo. Mimi siwanunulii watu bunduki kwa kutegemea utulivu wao.

Hata hivyo ukucha mrefu hauponyi kila kitu, maana bunduki iliyoniaibisha ilikuwa nao. Tatizo lake lilikuwa mteremko wa chuma unaoielekeza risasi kutoka magazini hadi chemba, pamoja na kingo mbili zinazoizuia risasi isirukie juu. Risasi ya pua laini, kwa kuwa ni ya mviringo, huteleza hata kwenye mteremko uliochongwa vibaya. Risasi ngumu yenye pua bapa haisamehi. Na kwa kuwa wengi wetu hutanguliza laini na kufuatisha ngumu, dosari hiyo hujificha mpaka risasi ya pili, yaani wakati mbaya kuliko wote.

Kwa hiyo nenda dukani na risasi bandia za aina zote mbili, zenye uzito sawa na za kweli, zisizo na baruti wala fataki, zilizotobolewa tundu ubavuni ili zisichanganywe kamwe na risasi hai. Hakikisha kwanza chemba na magazini ni tupu, mtutu ukielekea mahali salama. Kisha ijaze magazini hadi mwisho, kwani bunduki inayolisha risasi moja vizuri inaweza kugoma ikiwa imejaa. Zipitishe zote polepole, halafu kwa nguvu, halafu ukiwa umeilaza bunduki ubavu. Iangalie zaidi risasi ya mwisho, ambayo haina nyingine chini yake ya kuiinua. Jaribu ile nusu safari niliyoieleza. Mwisho, magazini ikiwa imejaa, kipige kitako kwa kiganja mara kadhaa na utazame kama mfuniko wa chini utafunguka, kwa maana teke la .375 ni kubwa kuliko kiganja chako, na mfuniko legevu humwaga risasi zote miguuni.

Nikipanga bunduki kwa kipimo hicho, ya kwanza kwangu ni CZ 550 Safari Magnum ya Jamhuri ya Cheki, na sifichi upendeleo wangu. Bolti yake ni ndefu vya kutosha kwa risasi ya .375 H&H bila kubana, magazini yake hubeba risasi tano, na ukucha wake ni wa Mauser. Mtangulizi wake, ZKK 602, wazee wa vitalu vya uwindaji bado wanaiita Brno tu. Kiwanda kimeacha kuitengeneza, kwa hiyo utaipata mpya pale tu duka lilipobakiwa na boksi ambalo halijafunguliwa. Ukiipata, mpe fundi aimarishe mbao karibu na magazini, kwa sababu vitako vyake vinajulikana kwa kupasuka.

Ya pili ni Winchester Model 70 Safari Express. Model 70 ilizaliwa mwaka 1936 ikiwa na ukucha mrefu, mwaka 1964 kiwanda kikauondoa ili kupunguza gharama, wawindaji wakalalamika miaka mingi, na katika miaka ya 1990 ukarudishwa. Kufuli yake ya usalama yenye nafasi tatu hukuruhusu kutoa risasi huku pini ya kufyatulia ikiwa imefungwa, jambo ambalo katika gari lenye watu sita lina thamani. Magazini hubeba risasi tatu tu.

Ya tatu ni Ruger Hawkeye, imara na yenye mfuniko wa magazini usiofunguka kwa bahati mbaya. Naishusha kwa sababu ya risasi: .375 Ruger, iliyoanza mwaka 2007, ni nzuri, lakini mizigo yako ikipotelea uwanja wa ndege hakuna kambi jirani itakayokuazima, ilhali .375 H&H imekuwepo tangu mwaka 1912 na karibu kila ghala inayo. Mauser M98 Magnum mpya ingekuwa juu ya zote kama si bei yake, ambayo ni ya gari. Bunduki za bei nafuu zenye magazini ya plastiki ziache kwa swala.

Sasa kuhusu maduka. Katika manne niliyoyatembelea tangu mkasa ule, mawili yalikataa risasi bandia, moja likidai ni utaratibu wa usalama, wakati tundu la risasi zangu linaonekana hata na mtoto. Wanataja bei kwa dola, wanaongeza kodi mwishoni, kisha wanakulazimisha uchukue na darubini usiyoihitaji kwa sababu “zimekuja pamoja”. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba silaha haibadilishwi kama kiatu: namba yake ikishaandikwa katika kibali chako, kuirudisha dukani ni kuanza upya safari ya ofisi ambayo tayari imekula miezi, na muuzaji analijua hilo vizuri kuliko wewe. Yule aliyeniuzia mimi alinijibu kwamba bunduki za aina hiyo “hulainika zenyewe zikitumika”.

Haikulainika. Fundi mmoja wa Arusha aliusugua mteremko kwa siku mbili, na sasa inalisha pua bapa, ingawa wawindaji wetu bado huiacha mwisho rafuni wanapochagua. Risasi zangu bandia, mbili laini na tatu ngumu, hukaa katika kopo la Blue Band ndani ya mkoba wangu, na duka likikataa kopo hilo huwa siulizi hata bei.