Riwaya Iliyotuchosha Sisi Wazazi, na Zile Tulizozirudia

Tuko wazazi saba, wakazi wa mtaa mmoja hapa Mombasa, na kila mwisho wa mwezi hukutana nyumbani kwa mmoja wetu kuzungumzia kitabu ambacho sote tumekisoma. Mwezi uliopita zamu ya kuchagua ilimwangukia mwenzetu mmoja, naye akatuletea riwaya mpya iliyosifiwa mno nyuma ya jalada kuwa ni kioo cha malezi ya siku hizi. Jina lake na la mwandishi nitayahifadhi, kwa kuwa hii ni kazi yake ya kwanza na huenda ya pili ikawa na nafuu, lakini kasoro zake nitazieleza, maana kila mmoja wetu aliinunua kwa shilingi 950, na kwa bei hiyo msomaji ana haki ya kunung'unika.

Kisa chenyewe kilikuwa na kila sababu ya kutunasa. Mama mjane, fundi cherehani, anamlea mwanawe wa pekee ambaye ameacha shule ghafla akiwa kidato cha pili, na mama hajui kwa nini. Wenye vijana wa umri huo tulikifungua kitabu kwa pupa, tukitarajia kuyaona ya nyumbani kwetu. Tulichokikuta ni hotuba. Kijana akichelewa kurudi, mama humkalisha kitako akamtolea nasaha kwa kurasa tatu mfululizo, na yule kijana, badala ya kununa au kuingia chumbani na kuubamiza mlango, hujibu kwa aya nzima iliyopambwa kwa methali nne. Mimi nina watoto wawili wa kiume, mmoja wa miaka 17 na mwingine wa 14, na sijawahi kujibiwa kwa methali hata moja.

Kilichoniudhi zaidi, hata hivyo, ni ile cherehani. Tunaambiwa tangu ukurasa wa kwanza kwamba mama huyu ni fundi hodari anayetegemewa na mtaa mzima, lakini katika kurasa 280 hatumwoni akitunga uzi sindanoni, wala akifumua mshono uliokwenda kombo, wala akibishana na mteja aliyekuja kuchukua gauni la harusi kabla halijatiwa vifungo. Mwenzetu mmoja hushona nguo kwa riziki yake, naye alisema kwamba angemwamini mwanamke yule laiti angalau mara moja angemwona akikata uzi kwa meno. Sikuongeza neno. Mwandishi ametutajia kazi ya mhusika kisha akatunyima kazi yenyewe, na ndivyo alivyofanya pia kwa huzuni yake, kwa ujane wake na kwa mapenzi yake kwa mwanawe: yote yametajwa, hakuna lililoonyeshwa. Kuhusu shangazi anayeitwa jina moja mwanzoni na jina jingine baada ya sura ya saba, sina la kusema ila kwamba mhariri alisinzia.

Haki itendeke: baba mmoja aliitetea. Alisema kwamba binti yake wa darasa la nane aliimaliza kwa siku mbili, na kwamba Kiswahili chake ni safi. Yote mawili ni kweli. Kiswahili chake ni safi kweli, hata kikawa kama sebule ya wageni ambayo watoto hawaruhusiwi kuikalia.

Kutoka hapo mazungumzo yaliteleza yenyewe yakaenda kwa Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, kwa kuwa watano kati yetu tulisomeshwa riwaya hiyo sekondari. Wakati ule tuliisoma kwa ajili ya mtihani, tukakariri orodha za maudhui na sifa za wahusika, na mapenzi yetu yote yalikuwa kwa Maimuna, binti anayefungiwa ndani na baba yake, Maksuudi, hadi anapotoroka na kuishia katika danguro la Mama Jeni. Nimeisoma upya mwaka huu nikiwa mzazi, nikashtuka kwamba macho yangu yalikuwa yakimfuata Maksuudi. Bado simpendi, na sioni wa kumpenda mtu anayeifunga familia yake ndani kwa kisingizio cha heshima ilhali yeye mwenyewe huko nje anafanya atakalo. Ila safari hii nilimtambua. Nilimtambua pale anapodhani kwamba kumwekea mtoto ukuta ni kumlinda, kwa maana mimi mwenyewe nimewahi kumnyang'anya kijana wangu simu kwa wiki tatu nikaona nimemaliza kazi ya malezi. Mwandishi hana haja ya kumsimamisha mtu atuhubirie kuhusu ukuta ule, kwani anatufungia ndani pamoja na Maimuna, na hewa inatuishia sisi pia.

Wengine walitaja zao. Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ilitajwa na wawili, wote wakisema kwamba huwapa watoto wao kwa sababu ya safari ya Kongowea Mswahili kutoka Tanga kuja Kenya kumtafuta babake, na nadhani hakuna mtoto anayechoka katikati ya safari ile. Kwa wasomaji wadogo zaidi, baba niliyemtaja alipendekeza Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ambamo Bwana Msa na kiko chake wanachunguza mauaji bila pupa. Mimi ningewaonya tu wazazi kwamba lugha yake ni ya Unguja ya miaka ya 1950, na mtoto wa leo atahitaji mtu mzima karibu naye. Mwezi ujao tumekubaliana kusoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, kisa cha Yasmin aliyeozwa akiwa msichana mdogo kwa mwanamume wa umri wa baba yake. Mimi nimeshaisoma mara mbili, wala sitalalamika kuisoma tena.

Ile riwaya ya shilingi 950 nimempa jirani aliyeiomba, na nimemwambia ukweli kuihusu. Nakala yangu ya Utengano, ambayo jalada lake limeshikizwa kwa gundi ya karatasi, ilikuwa kwa kijana wangu mkubwa kwa siku kumi hivi. Juzi usiku alikuja kunirudishia, akasimama mlangoni akiwa bado amekishika kitabu, akaniuliza iwapo babu yake alikuwa akiwaruhusu shangazi zake kutoka nje ya nyumba walipokuwa wasichana. Nilimwambia aketi, nikaenda kutia chai.