Ziwa Michaelson kwa mtu wa Mombasa: uzoefu wangu na waongozaji wa Chogoria

Nilipopiga simu kuulizia matembezi ya siku moja kwenda maziwa ya juu ya Mlima Kenya, yule bwana aliyepokea hakuanza na bei. Aliniuliza naishi wapi. Nikamwambia Kisauni, Mombasa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi dada, hiyo siku moja tutaitafutia siku tatu."

Nilikata simu nikiamini anataka kuniongezea gharama. Nikapiga kwengine, na huko nikaambiwa hakuna tatizo lolote: mnatoka Nairobi saa nane usiku, asubuhi mko langoni, mnapanda, jioni mnashuka. Bei karibu nusu. Aliyenizuia kulipa palepale ni mdogo wangu, ambaye ni muuguzi. Alinikumbusha kwamba sisi tunalala usawa wa bahari, na kwamba kutoka hapo hadi karibu mita 4,000 ndani ya saa ishirini na nne si jambo la kumwachia dereva wa usiku. Tukarudi kwa yule wa siku tatu. Tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu na wenzangu wawili wa kazini.

Kwa asiyeyajua, maziwa yenyewe yako upande wa mashariki wa mlima, kwenye njia ya Chogoria, kaunti ya Tharaka-Nithi. Ziwa Ellis liko karibu mita 3,500, pana na la kina kifupi, katikati ya nyasi. Ziwa Michaelson liko juu zaidi, karibu mita 3,950, chini ya kuta za mawe katika bonde lililochimbwa na barafu ya zamani. Huhitaji kamba wala ujuzi wa kupanda majabali. Ni kutembea tu, na kwa sababu ni kutembea tu watu wengi huichukulia safari hii kama ya vilima vya Ngong, wakasahau kwamba huko juu kila pumzi ina kama theluthi mbili tu ya oksijeni uliyoizoea Mombasa.

Mipango waliyotupa ilikuwa hivi. Siku ya kwanza kufika Chogoria mjini, kuhamia kwenye Land Rover, kupita msitu na mianzi hadi langoni, karibu mita 3,000, kulala kwenye banda. Siku ya pili kutembea polepole kupitia kilima cha Mugi hadi Ziwa Ellis na kurudi kulala palepale langoni. Siku ya tatu ndiyo ya Michaelson: gari hadi mwisho wa barabara, kisha kwa miguu kufuata ukingo wa bonde, na saa saba mchana popote tulipo tunageuka. Hiyo saa saba waliiandika kwenye ujumbe wa WhatsApp kabla hatujalipa hata senti. Naisifu sana. Kampuni inayokwambia mapema itakurudisha saa ngapi imeshafikiria mambo ambayo wewe hujayafikiria.

Ada ya hifadhi ililipwa na sisi wenyewe kwenye eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, maana langoni KWS, shirika la wanyamapori, hawapokei pesa taslimu. Lipeni mkiwa bado mjini penye mtandao mzuri, na mbebe vitambulisho, vinginevyo bei ya raia mtaikosa. Land Rover ndiyo iliyokula pesa nyingi, karibu theluthi ya gharama yote. Nilinung'unika, mpaka nilipoiona barabara yenyewe baada ya mvua ya usiku. Gari dogo halifiki, msijaribu.

Usiku wa kwanza ndipo nilipoanza kuelewa. Mdogo wangu alikuwa amebeba mahamri kwenye kopo na pakiti kadhaa za krisps za muhogo kutoka soko la Markiti, Mombasa. Tulipofungua begi kwenye banda, zile pakiti zilikuwa zimevimba kama maputo, ngumu, nailoni imekaza hadi inang'aa. Hakuna aliyezigusa. Hewa ya Mombasa ilikuwa imefungiwa mle ndani, na hewa ya nje ilikuwa imepungua nguvu ya kuibana. Mwongozaji alichukua moja, akaibonyeza kwa kidole, akatwambia, "Na nyinyi mko hivi hivi, ila nyinyi mtazoea." Tulilala karibu na moto, nguo mbili mbili, na bado niliamka mara tatu nikihisi pumzi haitoshi. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi kali.

Siku ya Ellis ningeirudia hata kesho. Tulitembea taratibu mno, hatua ya mtu anayesindikiza bibi harusi, na kila nilipoharakisha mwongozaji alisimama tu bila kusema kitu mpaka nikarudi nyuma yake. Vichaka vilianza kupungua, zikaja lobelia na senesio, mimea mirefu kama watu waliojifunika mablanketi. Pale ziwani upepo ulikuwa umelala, na vilele vyote vilionekana: Batian wa mita 5,199, Nelion pembeni yake, na Lenana. Nilichovya mkono majini, nikautoa hima, vidole vinauma hadi kwenye mfupa. Wenzangu walikuwa na maumivu kidogo ya kichwa, ambayo yaliisha tuliporudi langoni. Ndiyo maana ya siku hiyo: unapanda, mwili unaonja, unashuka kulala chini.

Mdogo wangu alisema hajisikii chochote. Hapo ndipo kosa lilipoanza, na nalieleza kwa ruhusa yake.

Siku ya Michaelson tuliamka saa tisa usiku, na saa kumi na moja alfajiri gari lilikuwa limetushusha mwisho wa barabara, karibu mita 3,300. Tulikuwa na mwongozaji mkuu na msaidizi wake kijana. Huyo wa pili nilikuwa nimemgombania siku nzima kwenye simu: watu wanne, waongozaji wawili wa nini? Waliniambia bila wa pili hawatupeleki. Nikalipa shingo upande.

Kulipopambazuka tulikuwa juu ya ukingo, na upande wetu wa kushoto bonde la Gorges lilifunguka ghafla, refu, ukungu umelala chini kama maziwa kwenye bakuli. Kutoka humo ndimo Mto Nithi unaposhukia. Mwongozaji alitueleza kwamba maji ya mto huu hutoka Ziwa Michaelson na kuishia Mto Tana. Mimi nina shangazi Kipini, mahali Tana inapoingia baharini. Nilisimama pale nikitazama ule ukungu, nikawaza kwamba maji ninayoyafuata nimeshayaoga utotoni.

Ilipofika saa tatu na nusu hivi, mwongozaji alisimama, akaomba kila mtu amwonyeshe biskuti zake. Nilidhani ni mapumziko. Pakiti yangu ilikuwa nusu, za wenzangu zimeisha. Ya mdogo wangu ilikuwa haijafunguliwa. Akamwomba aifungue sasa ale moja. Nilimwona akihangaika na karatasi ile, vidole vya mtu anayetunga mshipa wa dripu kila siku kazini, vikishindwa kuchana pakiti ya biskuti. Glavu alikuwa ameshavua. Mwongozaji akamuuliza kichwa kinauma tangu lini. Akajibu, "Tangu jana jioni." Usiku alikuwa ametapika nje ya banda, akafukia kwa udongo ili tusijue.

Muuguzi. Dalili anazijua kuliko sisi sote, na alizificha kwa sababu hakutaka kutuharibia safari. Nimeliwaza sana jambo hili. Mwenye kuumwa mlimani hatasema, hasa akiwa miongoni mwa watu anaowapenda, kwa hiyo lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kuangalia na ambaye haoni haya kuuliza.

Mwongozaji hakujadiliana nasi. Alichukua begi la mdogo wangu, akampa msaidizi, akasema wao wanashuka sasa hivi, na mimi nichague. Nilichagua kushuka. Nakiri kwamba kabla ya kuchagua nilimuuliza ziwa limebaki umbali gani, na alipojibu kuwa ni kama saa tatu, moyo uliniuma. Wenzangu wawili waliendelea naye. Bila yule msaidizi niliyemkataa, tungerudi sote watano.

Tuliposhuka, kila baada ya muda kijana yule alimsimamisha mdogo wangu, akamtembeza mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole, kuona kama anayumba. Alitembea sawa kila mara, na kila mara kijana alishusha pumzi. Hadi tunafika garini kichwa kilikuwa kimepungua, na saa nane mchana langoni aliomba chakula mwenyewe. Alikula mahamri yaliyokauka kama mbao, kwa chai ya tangawizi, akalia kidogo, akala tena.

Sasa yasiyonipendeza, maana sijaandika haya kuwapamba. Makoti ya mvua ya kukodisha yalikuwa mabovu. Langu lilipasuka bega siku ya Ellis na nikalowa. Kama una lako, beba, pamoja na kofia ya sufu na glavu. Chakula cha njiani kilikuwa yai moja la kuchemsha, chapati baridi na ndizi, kidogo mno kwa siku ya saa kumi za kutembea. Na hakuna aliyetuuliza usiku, mmoja mmoja, faraghani, tumelalaje. Mwongozaji aliuliza kwa pamoja wakati wa chai, na mbele ya kundi kila mtu alisema salama. Nilimwambia hili uso kwa uso kabla hatujaachana. Hakujitetea. Alitoa daftari lake akaliandika.

Ningebadilisha nini katika mipango? Usiku mmoja zaidi langoni kwa mtu wa pwani, hata kama mtu wa Nairobi hauhitaji. Nairobi tayari iko kama mita 1,700, sisi tunaanzia sifuri. Ningeenda tena Januari au Februari, kabla ya mvua za masika, na ningeanza saa ileile ya giza, kwa sababu kufikia saa tano mawingu yalikuwa yameshafunika vilele. Dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko muulizeni daktari kabla ya safari, msianze kununuliana njiani. Na yule aliyeniahidi kunipandisha na kunishusha siku moja kutoka Nairobi, sitampigia tena.

Wenzangu walirudi saa kumi na moja jioni na picha. Walilitazama ziwa kutoka juu ya ukingo, hawakushuka hadi ufukweni kwa sababu saa saba ilifika, na mwongozaji alishika neno lake. Katika picha maji ni ya kijani kibichi cha kukoza, kuta zimeyazunguka. Mdogo wangu aliikuza ile picha kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu, akauliza Januari ijayo inaangukia siku gani zake za likizo. Nafasi nne tumeshazilipia nusu, kwa watu walewale, pamoja na msaidizi.